Ikiwa ni Kule Tatu, Ruka

Siku niliyomjua vizuri, alinirushia kiti. Kilikuwa kile kiti cheupe cha plastiki cha kukodi kwenye harusi na matanga. Kilipita karibu na sikio langu, kikaenda kuvunjika mguu ukutani. Kosa langu nililielewa baadaye: nilikuwa nimemletea fonction moja ambayo ukiiteremsha kwenye kioo cha mashine kidole kinachoka kabla haijaisha.

"Weye mutoto ya Saio," alisema akihema, akitaja mtaa wetu, "unaandika fonction ao unaandika Agano la Kale?"

Kisha akaokota kile kiti, akajaribu kuurudisha mguu mahali pake, akashindwa, akakikalia hivyo hivyo kimeinama, akaanza kunifundisha. Alinifundisha mpaka njaa ikaniuma. Ndivyo alivyokuwa. Hasira kwanza, somo nyuma, na samahani haiko.

Tulimwita Sete. Ni zile herufi mbili za cheo chake chuoni, chef de travaux, namna siye tunavyozitamka. Mtu wa cheo hicho yuko juu ya wasaidizi na chini ya maprofesa, na wengi wanazeekea hapo hapo. Mke wake alimwita Sete. Pasta alimwita Sete. Jina lake la ubatizo nililisikia mara moja tu kanisani, nikageuka kuangalia ni nani huyo anayeitwa.

Kwa asiyeijua kazi yetu: fonction ni fungu la amri ulilolipa jina moja. Ukiliita jina, mashine, yaani kompyuta, inafanya amri zote zilizomo. Kama amri ni chache, unaona zinafanya nini. Zikiwa nyingi, hata mwenye kuziandika hajui tena.

Wakati ule watu walisema amani imerudi, na kweli soko la mji wetu wa Bunia, mashariki mwa Kongo, lilijaa, shule zilifunguliwa, makanisa yalipakwa rangi. Lakini barabarani hali ilikuwa nyingine. Leo gari linapita, kesho linachomwa na waliomo. Chama kimoja cha madereva kikamwomba Sete awatengenezee programu. Mtu wa kijijini mwenye simu akiona wenye silaha wameshuka njiani, anatuma alama. Programu inaipokea na kuwaandikia madereva wote wa kipande hicho cha barabara neno moja: rudi. Kaka yangu, ninayemwita Yaya, alikuwa mmoja wao, na Fuso yake ya kuleta samaki kutoka ziwani, Mahagi-Port. Kwa hiyo mimi sikuenda buro, ofisini kwa Sete, kwa ajili ya mshahara tu. Ujumbe wowote uliokataa kutoka ungeweza kuwa wa Yaya.

Kila asubuhi, kabla malori hayajaondoka, tuliendesha majaribio. Jaribio nalo ni programu, ndogo, kazi yake kuidanganya ile kubwa: linajifanya mama wa kijijini, linatuma alama ya uongo, halafu linaangalia kama ujumbe umetoka. Ukitoka, kioo kinaonyesha kijani. Usipotoka, nyekundu. Kijani, tunawaambia madereva waende, nasi tunakunywa chai. Nyekundu, hakuna gari linaloondoka.

Sete alikuwa na sheria moja iliyotutesa kuliko zote: jaribio lisomwe kwa pumzi moja. Alikusimamisha ukiangalia ukuta, ukavuta hewa, ukasoma jaribio lako kwa sauti. Pumzi ikikata kabla ya mwisho, na jaribio linakatwa. Héritier, mwenzetu mwenye kifua cha mcheza mpira, alitaka siku moja kumshinda. Akasoma, akasoma, shingo ikavimba, macho yakatoka, akaanguka chali juu ya batri za sola, akapasuka kichwa nyuma. Damu ikamwagika mpaka kwenye nyaya. Sisi tulipiga kelele. Sete aliinama karibu na sikio lake.

"Ulifika musitari gani?"

"Sijue, Sete."

"Tafuta. Hapo njo unakata."

Ndipo akavua shati lake mwenyewe, shati la Jumapili, akamfunga nalo kichwa.

"Mambo iko tatu," alituambia kila siku, akipiga meza kwa kiganja mpaka vikombe vinaruka. "Unatayarisha. Unatenda. Unaangalia. Ya ine ikiingia, ile iko mwizi, mutoeni inje." Na sharti ndani ya jaribio ndilo alilolichukia kuliko kifo. Sharti ni pale unapoiambia mashine: ikiwa jambo hili ni hivi, fanya vile. Programu kubwa inayahitaji. Jaribio, hapana. "Jaribio haiulizake kama mvua iko," alisema. "Inamwaga maji, inaangalia nani analowa!" Mimi nilipigwa vidoleni na rula ya chuma kwa sababu ya sharti moja dogo, nikiwa mwanamke mzima, mwenye diploma. Nililia chooni. Naapa, siku ile ningepata sumu ya panya ningeitia kwenye chai yake.

Lakini mkitaka kumjua, msimtazame tu akirusha viti. Mtu huyu wa pumzi moja alikuwa na sala ya chakula isiyokuwa na mwisho. Ee Mungu! Bugali inapoa, sombe ya majani ya muhogo inaganda, yeye yuko bado kwenye barabara ya Ariwara akiiombea daraja kwa daraja. Akimaliza barabara anaingia kwa wajane, kwa wagonjwa, kwa walioiba ng'ombe wake, ambao kwanza aliwaombea wavunjike miguu na halafu watubu. Dieumerci, yule mwenzetu wa tatu, alijifunza kuchomoa nyama kwenye sahani macho yakiwa yamefumbwa. Siku moja nilithubutu kumwambia Sete kwamba na sala ingekatwa vipande. Alinitazama, mkono ukaenda kwenye rula, kisha akaacha.

"Mungu si mashine," alisema. "Yeye anafurahi kusikia mingi."

Na huyo huyo aliyevunja kibodi kwa goti lake hakuweza kuona ng'ombe akichinjwa. Kwenye sikukuu alikwenda kusimama nyuma ya nyumba, uso kwenye ukuta, mpaka wamalize kuchuna. Ng'ombe wake ambao hawakuibwa walikatwakatwa wote mbele ya macho yake miaka ya vita, na ndama pia. Sikio lake la kushoto lilibaki nusu tangu siku hiyo. Nani alilikata, hakusema. Dieumerci alikuwa wa upande mmoja wa vita ile na Héritier wa upande wa pili. Dieumerci alisema waliolikata ni wale wa upande wa Héritier, na Héritier alisema ni wale wa upande wa Dieumerci. Sete aliwaacha wote wawili waamini wanavyotaka.

Hapo kwenye pande ndipo kuna jambo ambalo mgeni hatalielewa upesi. Siye hatutaji. Dieumerci na Héritier walikula sahani moja, walitaniana kama ndugu, lakini hakuna aliyetaja jina la kijiji mbele ya mwenzake. Ukisema "watu wamekufa mahali fulani", umeshasema nani kaua na nani kauawa. Na kwenye kizuizi cha barabarani wakifungua mashine yako wakakuta jina la kijiji karibu na neno shambulio, utaitwa mpelelezi wa upande wa pili, na ukiitwa hivyo unapelekwa migombani na hutarudi. Basi ndani ya programu tuliandika: kule moja, kule mbili, kule tatu. Na wote tuliingia kwenye mashine kwa jina moja tu, "buro", maana hakuna aliyetaka mstari wowote uwe na jina lake. Mimi wazazi wangu walikuja na biashara kutoka upande wa Butembo, si wa huku wala huko. Kwa hiyo wote waliniambia siri zao na hakuna aliyeniamini.

Matokeo yake yalikuwa jaribio moja lililoitwa jaribio_yote. Kulikata vipande kungetaka kila kipande kipewe jina, na jina lingesema wapi, na wapi ingesema nani. Tukaliacha likue. Kila barabara mpya tuliibandika mkiani. Mwanzo wake ulisajili madereva, katikati yake ulituma alama za kule kote, mwisho wake sikuwahi kuufikia kwa kusoma. Na Sete, mvunja viti, hakuligusa. Nilimwuliza mara moja mbona siye anatuua kwa mistari michache na lile dubwana linakaa.

"Ile uniachie mimi," alisema, na akatoka nje.

Asubuhi moja kioo kilikuwa kijani. Tulikunywa chai, na mikate tuliyochovya ilikuwa ya moto. Yaya alikuwa kwenye mteremko wa kule tatu na Fuso imejaa samaki, simu yake iko mbele yake, imewaka, kimya. Wenye silaha wakatoka kwenye mahindi. Mwenzake wa kazi, baba wa watoto waliokuwa wakiniita shangazi, alivutwa nje kwa miguu na kukatwa mbele ya taa za gari. Yaya aliinua mkono wa kulia kukinga kichwa, na panga ikapita mkononi. Walimwaga mafuta wakawasha, samaki na gari na yule marehemu. Yaya alitambaa mahindini huku akisikia samaki wake wakikaangika. Akafika Saio juu ya pikipiki ya mtu, mkono umefungwa kwa shati, na vidole vitatu vimebaki barabarani. Mama yetu alipofungua lile shati alianguka.

Niliingia buro bila kubadili nguo zenye damu yake. Nikatafuta ndani ya mashine. Mama wa kule tatu alikuwa ameituma alama, mapema sana, wakati Yaya bado yuko mbali. Programu iliipokea. Haikumwandikia mtu yeyote.

Sete aliniona, akaiona ile alama. Alichapisha jaribio_yote lote, mashine ya kuchapia ya kanisa ikapiga kelele na kutapika karatasi. Akaziunganisha kwa gundi, akazitundika kwenye kamba ya nguo kutoka mlangoni mpaka chooni, na bado nyingine zikaburuzika chini. Kisha akachukua panga iliyokuwa nyuma ya kabati, ya kufyekea nyasi za uwanja.

"Kata hapa!" akapiga. "Kata na hapa! Hii inafanya nini hapa? Kata!"

Mlango ulikuwa wazi. Mama muuza nyanya wa ng'ambo ya njia aliona nini? Aliona muzee mwenye nusu sikio akipiga panga juu na chini huku akipiga kelele, na msichana mwenye damu amesimama mbele yake.

"Wameanza!" akapiga yowe.

Bunia neno hilo linatosha. Nyanya zikamwagika. Maduka yakafunga vyuma kra-kra-kra. Motari wa pikipiki wakaondoka bila abiria, wanafunzi wakaruka ukuta wa shule, na habari ikafika Saio kabla Sete hajamaliza karatasi ya pili. Mama yangu, pamoja na huzuni yote ile, alikwisha kufunga godoro na sufuria. Watu wawili walikanyagwa kwenye mtaro. Askari walikuja mbio, bunduki mbele, wakamkuta katikati ya vipande vya karatasi, jasho linamtiririka.

"Muzee, unamukata nani?" kamanda aliuliza.

"Jaribio, shefu. Ilikuwa ndefu."

Kamanda aliangalia karatasi, akaangalia panga, akaichukua panga. Kofi alilompiga Sete kabla ya kuondoka lilisikika mpaka kwa muuza nyanya.

Kesho yake tuliendelea kwa mkasi wa fundi cherehani. Uwanjani madereva walikuwa wamejaa, wamekuja kutoka mazishini moja kwa moja, na Yaya yuko kati yao na mkono wake umefungwa bandeji mpaka kwenye kiwiko. Walitaka kitu kimoja: jina la aliyefanya ujumbe usitoke. Ndani, siye watatu na Sete tulikata. Kila kipande tulikibandika ukutani, na kila kipande Sete alidai jina. Si kule moja. Jina.

"Andika kijiji."

Dieumerci alishika kalamu, akamtupia jicho Héritier. "Sete, ile jina mbele ya huyu..."

"Andika, ao nitaandika juu ya uso wako!"

Akaandika. Na Héritier akaandika. Kwa mara ya kwanza tangu vita niliona majina ya vijiji vya pande zote mbili kwenye ukuta mmoja. Dereva wa barabara hii anapata ujumbe njia ikifungwa. Dereva wa barabara ile anapata ujumbe njia ikifungwa. Vipande vifupi, vya pumzi moja, hata mama yangu angevisoma. Kwa muda kidogo nilisahau mkono wa Yaya. Ilikuwa vizuri kuona mambo yanasemwa.

Kisha kikabaki kipande kimoja chembamba mkononi mwangu. Hakikutayarisha, hakikutenda, hakikuangalia. Nikakisoma kwa sauti kabla akili haijanizuia.

"Ikiwa ni kule tatu, ruka."

Jaribio lilikuwa likifika kule tatu linaruka. Barabara hiyo ilikuwa imekufa ndani ya programu siku nyingi, na kila asubuhi kioo kilituonyesha kijani kwa sababu hakuna aliyeijaribu. Na kule tatu ni kwa wajomba wa Dieumerci. Alimgeukia Héritier taratibu.

"Mulituruka," alisema. "Hata ndani ya mashine mulituruka."

"Si mimi! Naapa kwa Mungu, si mimi!"

Mkasi ulikuwa mezani. Dieumerci aliushika na kumpiga nao Héritier begani, ukaingia mpaka kwenye mpini. Héritier akamkamata kwa koo, wakaanguka pamoja juu ya meza, chupa zikapasuka, kichwa cha Dieumerci kikagongwa sakafuni tena na tena. Mimi nilikuwa napiga mayowe tu. Madereva wakasikia, wakavunja mlango. Mmoja tayari alikuwa na kipande cha chuma, mwingine jiwe.

"Nani?" waliuliza. "Nani aliandika?"

Walikuwa wanawaangalia wale wawili. Dakika moja tu, na wangewachagua kwa upande, na mchezo ungetoka pale ukaenda sokoni, na safari hii muuza nyanya angekuwa amesema kweli.

"Mimi," Sete alisema. "Ile sharti ni mimi niliandika."

Wakamwangukia. Sitaki kueleza yote. Walimpiga kwa viti vyake mwenyewe, vile vya plastiki, na vilipovunjika walitumia viatu. Yaya naye alimpiga. Kaka yangu, ambaye nyumbani alikuwa anambembeleza paka, nilimwona akimpiga mateke ya uso mtu aliyekuwa tayari amelala, bandeji yake ikichuruzika damu juu ya ile ya Sete. Jicho la kulia la Sete halikupona tena.

Baada ya hapo watu walianza kufikiri. Mtu aliyekupiga rula kwa sharti moja, ataandika sharti? Mtu huyo? Haiwezekani! Habari ikageuka yenyewe, ikatembea mjini: Sete alidanganya. Alibeba kosa la mtu mwingine ili vijana wale wasiuawe na Bunia isiwake. Dieumerci na Héritier waliamini hivyo, wakalia, wakaombana msamaha, wakabaki marafiki. Nami niliamini, tena niliamini kuliko wote. Pasta alilitumia kwenye mahubiri.

Kwenye harusi ya Héritier, mwongoza sherehe alisimama na kumwita "baba aliyejitwika dhambi isiyo yake". Watu wakapiga vigelegele. Sete akainuka, akaipindua meza ya wazee, bia na fanta na keki, vyote chini.

"Ni mimi niliandika!" akafoka. "Munasikia? Mimi!"

"Ndiyo Sete, tunajua," watu walisema, wakikonyezana, na vigelegele vikazidi. Aliondoka kwa miguu na soksi zimelowa fanta. Tulicheka sana. Tulisema: tazama mtu asiyependa sifa.

Aliyeumia zaidi ni Yaya. Alikuwa amempiga mateke mtu asiye na kosa, na jambo hilo lilimla. Alipopata gari lingine, la kuendesha kwa mkono mmoja na nusu, safari ya kwanza alileta samaki kapitene mkubwa akampelekea Sete. Sete akamtupia samaki kichwani. Yaya akamwokota, akampangusa, akamweka mlangoni, akaondoka. Akarudia. Kila safari ya ziwani, samaki mmoja wa Sete. Hata Sete alipohamia Ariwara kwa binti yake, kwa sababu jicho lililobaki lilianza kufifia, Yaya alimfuata huko na samaki kwenye barafu. Wakati mwingine nyumbani alikaa akiutazama ule mguu wake wa kulia. "Huu njo nilimupiga nao," aliniambia. Hakuoa. Alisema mikono yake haifai kubeba mtoto.

Mara ya mwisho nilikwenda naye. Nilitaka Sete asikie majaribio yangu mapya, maana sasa mimi ndiye nafundisha wengine, na viti vyangu havirushwi, ingawa tamaa ninayo. Tulimkuta ukumbini, amekonda, na miwani imefungwa kwa uzi. Binti yake alipokea samaki akaenda jikoni. Nikasimama nikiangalia ukuta, nikavuta hewa, nikasoma. Nilimaliza na pumzi ikabaki.

"Hakuna sharti?" aliuliza.

"Hakuna, Sete. Mutu yenye hakuandikake sharti hata moja njo alinifundisha."

Nilisema kwa utani wa kumfurahisha. Akavua miwani. Akaiweka mapajani, nikajua ni hasira, nikatazama kama kuna kiti karibu.

"Nyinyi watu munaniua," alisema. "Munaniua na heshima yenu. Niliandika mimi! Kesho yake chama ya madereva ilikuwa inakuja kuangalia kazi. Jaribio ilikuwa inakataa pale kule tatu, nikatafuta, nikatafuta, ilikuwa ndefu, sikuona kitu. Mafuta ya grupu ilikuwa inaisha. Nilikuwa nimechoka. Nikasema niruke leo, nitarekebisha kesho. Kesho ikawa na kazi ingine."

Grupu ni jenereta, ile mashine ya umeme. Ilikuwa ikinguruma na kukohoa kila jioni pale buro, nilikumbuka sauti yake. Nilikuwa nimetafuta maana ya neno lile "ruka" miaka yote, upande gani, chuki gani. Na ilikuwa ni uchovu tu.

"Na ile siku ya mukasi?" nilimwuliza. "Ulijua iko ndani?"

"Nilijua. Nilikosa mudomo ya kusema. Nikasema tukate, itatoka yenyewe."

Yaya alikuwa bado amesimama mlangoni na boksi la barafu. Aliliweka chini. Akaja mpaka mbele ya Sete, taratibu, na mimi nikasema "Yaya, tafadhali", lakini hakunisikia. Akainua ule mkono wa kulia, wenye vidole viwili, akampiga Sete kofi la uso. Hata sauti haikuwa ya kofi. Miwani ilianguka kutoka mapajani.

"Hii njo yako," Yaya alisema. Sauti ilikuwa inamtoka kwa shida. "Zile za siku ile zilikuwa za mwenye alimuchoma mwenzangu. Huyo sikumupata."

Sete hakujikinga. Alitikisa kichwa kwamba amesikia. Yaya akaiokota miwani, akaupima ule uzi kama bado umeshika, akamvika. Kisha akavuta kiti, akakaa karibu naye, na nikaona mabega yake yameshuka kama ya mtu aliyetua mzigo.

Binti alileta bugali na yule kapitene kwenye sahani kubwa, mchuzi bado unachemka pembeni. Aliona nyuso zetu, akaona shavu la baba yake, akaleta maji. Tukanawa mikono. Sete akafumba jicho lake, na mimi nikajiandaa kwa barabara zote za Ituri, wajane, wagonjwa na wezi wa ng'ombe.

"Bwana," alisema, "lile sharti niliandika mimi. Asante kwa samaki. Amina."

Tulifumbua macho. Mvuke ulikuwa bado unatoka kwenye sahani, na Yaya akamkatia Sete kipande cha kwanza.